Besi ikilia sana, sikio ndilo huumia

Ukifika Fort Ternan usiku wa Desemba kukiwa na harusi, huna haja ya kuuliza njia. Simama kando ya barabara inayotoka Londiani kuelekea Muhoroni, zima injini ya gari, kisha utege sikio. Kabla hujamsikia mwimbaji, kabla hujasikia gitaa la solo, utasikia kitu kimoja tu kikidunda kutoka ng'ambo ya bonde: du, du, du. Hiyo ni besi.

Sauti nzito haichoki upesi njiani. Sauti nyembamba humezwa na hewa, miti na kuta, lakini nzito huzunguka na kupenya. Tena usiku, hewa ya baridi inapotua bondeni na ya juu ikabaki na joto, sauti hupindwa na kurudishwa chini. Ndiyo sababu mzee aliyelala mlima wa pili huamka akidhani muziki uko nyuma ya nyumba yake.

Malalamiko ya mzee huyo ni ya haki. Lakini leo, msomaji, hebu tumwangalie mtu mwingine ambaye halalamiki kamwe: yule kijana aliyesimama hatua moja mbele ya boksi la spika, gitaa la besi begani. Huenda ni mwanao. Huenda hapigi Fort Ternan bali kanisani kwenu mtaani Nairobi, Nakuru au Mombasa, kila Jumapili na kila jioni ya mazoezi. Mwulize kwa nini anaongeza sauti kiasi hicho naye atakujibu, "Mama, mbona mimi mwenyewe sijisikii?"

Usimkaripie. Anasema kweli, na hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kutoka chepkong'o hadi spika nane

Nchi hii ya Wakipsigis imejua muziki tangu zamani bila umeme. Mwaka wa 1950, mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet na kurekodi nyimbo zilizoimbwa kwa chepkong'o, ala ya nyuzi inayopigwa kwa vidole. Ala kama hiyo haiwezi kumwumiza mtu sikio, hata ikipigwa usiku kucha.

Baadaye gitaa likaingia. Wanamuziki kama Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilong'et wakajulikana, na mji wa Kericho wenyewe ukawa kituo cha sahani za santuri kupitia kampuni ya Chandarana. Upande wa Muhoroni na ziwani, benga ilikuwa imeshika kasi. Katika benga, besi haikai nyuma kama mtumishi. Hukimbia na kurukaruka, na huzungumza na gitaa la solo. Mchezaji asipoisikia, miguu yake hupotea.

Huko Marekani, Leo Fender alikuwa ametoa gitaa la besi la umeme aina ya Precision mwaka wa 1951, na mwaka uliofuata akatoa amplifaya yake, Bassman. Kufikia 1969, kampuni ya Ampeg ilikuwa ikiuza amplifaya iitwayo SVT yenye nguvu ya wati 300, na boksi lake lilikuwa na spika nane za inchi 10. Mashine ya aina hiyo ilikusudiwa majukwaa makubwa yenye maelfu ya watu. Leo utakuta boksi la ukubwa kama huo, au lililoundwa na fundi wa mtaani kwa kulifuatisha, ndani ya kanisa la mabati lenye waumini themanini.

Kwa nini mpiga besi hajisikii?

Sababu ya kwanza ni sikio lenyewe. Uzi mnene kabisa wa besi ya nyuzi nne hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Sikio la binadamu halikuumbwa kuzisikia vizuri sauti za chini namna hiyo. Limeumbwa kwa ajili ya sauti ya mtu anayesema, kilio cha mtoto na kijiti kinachovunjika gizani. Sauti ya katikati, ya mitetemo 1,000 kwa sekunde, huanza kusikika ikiwa na nguvu ya desibeli chache tu. Ile ya mitetemo 40 inahitaji kufika kama desibeli 50 ndipo uanze kuisikia. Kwa hiyo besi lazima isukumwe kwa nguvu nyingi kuliko ala nyingine ili ionekane kuwa sawa nazo.

Sababu ya pili ni pale lilipowekwa boksi. Mara nyingi huwekwa chini sakafuni, na kijana husimama mbele yake karibu kabisa. Ule mvumo mzito husambaa kila upande, lakini ule mguso wa kidole juu ya uzi, unaomwezesha mpigaji kuitambua noti yake, umo katika sauti nyembamba zaidi. Hizo husafiri mbele kama mwanga wa tochi, na tochi hiyo inamulika magoti yake. Magoti hayana masikio. Aliyeketi safu ya sita anaisikia besi wazi, ilhali mpigaji anasikia vumbi tu.

Afanyeje basi? Anaongeza sauti. Mpiga ngoma, akiona anafunikwa, anapiga visahani kwa nguvu zaidi. Mwenye solo naye anaongeza. Mwimbaji, ambaye maneno yake yamezibwa na mvumo wa besi, anamwashiria fundi wa mitambo amwinue. Dakika kumi baadaye kila mtu amepanda na hakuna anayejisikia vizuri kuliko mwanzo. Hii ni vita ya sauti, na kila bendi inaijua.

Hapa tuseme ukweli ili tusiisingizie besi. Ule mvumo mzito peke yake hauli sikio haraka kama sauti za katikati na nyembamba za kiwango kile kile. Kinachomwumiza kijana ni mkusanyiko wote: visahani vilivyo karibu na kichwa chake, solo, spika za waimbaji na besi yenyewe, vyote vikiwa vimepandishwa na vita hiyo. Aghalabu besi ndiyo huianzisha.

Kinachoumia si ngoma ya sikio

Watu wengi hudhani kelele hupasua ngoma ya sikio. Mlipuko mkubwa waweza kufanya hivyo, na ngoma iliyopasuka mara nyingi hupona. Madhara ya muziki hutokea ndani zaidi, mahali ambapo daktari akimulika kwa tochi hapaoni.

Ndani ya sikio kuna kijumba kilichojiviringa kama konokono, kimejaa maji. Humo mna chembe hai zenye vinywele vidogo mno, kama 15,000 hivi katika kila sikio. Sauti ikiingia, maji hutikisika, vinywele huinama, na ujumbe hupelekwa kwenye ubongo. Vifananishe na majani ya ng'ombe kandokando ya njia. Mtu mmoja akipita, majani hulala kisha yakainuka. Wakipita watu mia kila siku, panakuwa njia ya vumbi.

Chembe hizo zikifa kwa binadamu hazioti tena. Kuku akipoteza chembe zake za kusikia, nyingine humwotea. Wewe, mwenye kuku huyo, hupati nyingine. Ulizozaliwa nazo ndizo utakazotumia hadi uzeeni.

Zinazotangulia kufa kwa kawaida ni zile zinazopokea sauti za mitetemo 3,000 hadi 6,000 kwa sekunde. Huko ndiko ziliko sauti kama "s", "sh", "f" na "ch". Ndiyo maana aliyeanza kupoteza usikivu kwa kelele atakwambia, "Nasikia mtu akisema lakini sielewi anasema nini." Kwake "fika" na "shika" huwa neno moja. Sauti nene za wanaume huzisikia, za wanawake na watoto zikampotea. Watu wa nyumbani husema amekuwa na kiburi. Hana kiburi, ni masikio.

Tena mpiga besi ndiye wa mwisho kujua, kwa kuwa noti zake nzito anaendelea kuzisikia. Anasema, "Masikio yangu ni mazima, hata besi naisikia," kumbe sehemu nyingine imekwisha kuchakaa.

Aliyepitia haya na kuyasema hadharani ni Kathy Peck, mpiga besi wa bendi ya wanawake ya The Contractions ya San Francisco. Mwaka wa 1984, baada ya onyesho katika uwanja mkubwa wa Oakland, masikio yake yalivuma na usikivu wake ukaharibika. Mwaka wa 1988, pamoja na daktari mmoja, alianzisha shirika la H.E.A.R. la kuwafundisha wanamuziki na mashabiki wao kulinda masikio.

Dakika zako ni ngapi?

Sauti hupimwa kwa desibeli, na kipimo hiki kina ujanja wake. Haziongezeki kama shilingi. Kila desibeli 3 zikiongezeka, nguvu inayoingia sikioni imezidishwa mara mbili, na muda wako wa usalama umekatwa nusu. Wataalamu wa usalama kazini nchini Marekani hutumia hesabu hii: desibeli 85, saa nane; 88, saa nne; 91, saa mbili; 94, saa moja; 97, nusu saa; na desibeli 100, dakika 15 tu.

Sasa irudie ile harusi yetu. Bendi inaanza saa mbili usiku na kuendelea hadi saa kumi alfajiri. Ikiwa jukwaani pana desibeli 100, fungu la siku nzima la mpiga besi limekwisha saa mbili na robo. Muda wote uliobaki anakula akiba ya uzee wake.

Hapa Kenya, kanuni za kuzuia kelele kazini za mwaka wa 2005 zinasema mfanyakazi asizidishiwe desibeli 90 kwa saa nane katika siku moja. Fikiria wahudumu wa vilabu vyetu vya usiku, walinzi wa mlangoni na fundi wa mitambo: nao wako kazini. Mwaka wa 2022, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kwa kumbi za starehe kwamba wastani wa sauti usizidi desibeli 100, sauti ipimwe na kuonyeshwa, vizibo vya masikio vipatikane, na pawepo mahali patulivu pa kupumzishia masikio. Shirika hilo hilo linakadiria kwamba zaidi ya watu bilioni moja wa umri wa miaka 12 hadi 35 duniani wamo hatarini kwa kusikiliza sauti kubwa kupita kiasi.

Huna kipimo? Simu nyingi siku hizi zina programu ya kupima sauti inayoweza kukupa makadirio. Hata bila simu, fanya jaribio hili: simama na mwenzako umbali wa mkono mmoja. Ikiwa lazima apaaze sauti ndipo umwelewe, kelele hiyo imekwisha kufika kiwango cha kuumiza mtu akikaa nayo muda mrefu.

Dawa ya kwanza: liinue boksi

Jambo ambalo wanamuziki wengi hawaliamini mpaka walijaribu ni hili: mpiga besi asiyejisikia hahitaji mashine kubwa zaidi. Ukitoka wati 100 ukanunua ya wati 200, unapata nyongeza ya desibeli 3 pekee. Ili sikio lione sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji nguvu mara kumi hivi, yaani wati 1,000. Pesa zinakwenda na tatizo linabaki. Badala yake, fanyeni haya:

1. Inua boksi. Liweke juu ya kreti, meza imara au jukwaa dogo, au liinamishe liangalie juu, ili spika zitazame kichwa cha mpigaji na si magoti. Mara nyingi siku hiyo hiyo ataipunguza sauti mwenyewe bila kuambiwa.

2. Litoe kwenye kona. Boksi likikaa kwenye kona au likiegemea ukuta, mvumo huongezeka bila mtu kugusa chochote. Ukilisogeza kidogo, noti husikika safi.

3. Punguza uzito, ongeza katikati. Kwenye vidude vya kurekebisha sauti, shusha kidogo zile za chini kabisa na pandisha za katikati. Maneno ya mwimbaji nayo yatasikika, kwani sauti nzito ndiyo huyafunika.

4. Usisimame ukikabili visahani. Mpiga besi hupenda kusimama karibu na ngoma ili washike mwendo. Asimame upande wenye kisahani kidogo, au nyuma hatua mbili. Mahali pa wazi, ukiuzidisha umbali mara mbili, sauti hupungua kwa desibeli 6 hivi.

5. Anzeni na sauti ya mwimbaji. Katika mazoezi, pangeni sauti ya mwimbaji kwanza, kisha wengine wamfuate chini yake. Anayetaka kuongeza aombe wenzake wapunguze. Chumba cha mabati na saruji hurudisha sauti kama kioo, kwa hiyo mapazia, mikeka na watu wenyewe husaidia.

6. Pumzisheni masikio. Dakika kumi nje ya ukumbi kila saa si uvivu. Na baada ya usiku wa kelele, masikio yapewe siku ya utulivu, bila vipokea sauti vya simu.

Pamba haitoshi

Wako wanaoziba masikio kwa pamba au karatasi ya chooni. Hiyo ni kujidanganya, kwa sababu pamba hupunguza kidogo sana. Vizibo vya sponji vinavyouzwa katika maduka ya dawa na ya vifaa vya kazi ni bei nafuu na hupunguza kelele nyingi, mradi uvitie sawasawa: kisokote kiwe chembamba kama njiti, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie hadi kivimbe. Kikining'inia nje, hakifanyi kazi.

Wanamuziki hulalamika kwamba sponji huufanya muziki usikike kama umefunikwa blanketi. Ni kweli, kwa kuwa hukata zaidi sauti nyembamba. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 vimekuwapo vizibo maalumu vya wanamuziki vinavyopunguza sauti zote kwa usawa, kwa mfano desibeli 15. Bei yake iko juu, lakini ilinganishe na ya kifaa cha kusaidia kusikia.

Na watoto? Usimweke mtoto mchanga karibu na spika kwa sababu amelala. Kulala kwake hakumaanishi kwamba sikio limefungwa. Mtoe nje au keti nyuma kabisa.

Umeme hausubiri uzee

Masikio huharibika polepole. Umeme hauna subira hiyo, na mashine ya besi ni mashine ya umeme kwanza kabla ya kuwa ya muziki.

Nyuzi za gitaa la umeme zimeunganishwa, kupitia waya, na bodi ya chuma ya amplifaya. Kinasa sauti kilicho mdomoni mwa mwimbaji nacho kimeunganishwa na mitambo mingine. Ikiwa moja ya mashine hizo ina hitilafu na haina waya wa ardhini, mpigaji akishika nyuzi na kugusa kinasa sauti kwa midomo, umeme unapita mwilini mwake, kifuani. Mwaka wa 1972, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea, Wales, alipogusa kinasa sauti kisichokuwa na waya wa ardhini.

Umeme wa Kenya ni volti 240, na sherehe zetu za mashambani hufanywa juu ya nyasi zenye umande, kwa jenereta na nyaya zilizounganishwa kwa gundi ya karatasi. Kwa hiyo shikilia haya: usikubali plagi ya pini tatu iliyokatwa pini ya ardhini, wala usiunganishe nyaya tupu kwenye soketi kwa vijiti vya kiberiti. Mashine zote za jukwaani zipate umeme kutoka chanzo kimoja, kupitia swichi ya usalama inayokata umeme wenyewe pindi unapovuja. Simama juu ya ubao mkavu ukiwa na viatu vya raba. Ukihisi hata mchomo mdogo mdomoni, acha kupiga mpaka fundi aangalie. Mchomo huo ni onyo. Jenereta ikae nje, mbali na madirisha, kwa maana moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua waliolala.

Amplifaya za zamani za valvu zina hatari ya ziada. Ndani yake mna volti mia kadhaa, na zaweza kubaki humo hata baada ya plagi kuchomolewa. Usiifungue wewe mwenyewe. Mpelekee fundi anayezijua.

Mwenzako akinaswa na umeme, usimshike. Zima swichi kuu au jenereta kwanza. Usipoweza, msukume mbali na waya kwa mti mkavu. Akiwa hapumui wala haitikii, piga simu 999 au 112, mlaze chali na uanze kubonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha hadi msaada ufike.

Mgongo wa anayebeba

Boksi la spika nane la mtindo wa zamani huweza kupita kilo 60. Wataalamu huweka kilo 23 kuwa kikomo cha mzigo wa mtu mmoja, tena mahali pazuri na kwa mkao mzuri. Hata hivyo utawaona vijana wakilishusha boksi kutoka kwenye lori saa kumi za usiku, gizani, wamechoka, viatu vimejaa tope. Hapo ndipo mgongo huteguka.

Wabebe watu wawili au zaidi na mmoja wao atoe amri. Piga magoti, usipinde kiuno. Boksi likae karibu na tumbo, na ukitaka kugeuka, geuza miguu badala ya kiwiliwili. Magurudumu manne chini ya boksi hugharimu kidogo kuliko wiki moja ya kulala kitandani. Bendi inayonunua mashine mpya ifahamu kwamba siku hizi kuna amplifaya za besi zenye uzito wa kilo mbili au tatu tu, na spika za sumaku nyepesi, zinazofanya kazi ya zile za kilo nyingi za zamani.

Ukiziona dalili hizi

Baada ya dansi, ukisikia masikio yakilia kama nyenje au ukahisi yamezibwa, hayo ni majeraha. Hali hiyo ikiisha asubuhi, usishangilie. Imekuonya, na ukiyarudia mara kwa mara, siku moja haitaisha. Mlio ukiendelea zaidi ya siku mbili, nenda kituo cha afya uombe kupelekwa kwa mtaalamu wa masikio, upimwe usikivu. Kipimo hicho hakiumi: unavaa vipokea sauti na kuonyesha kila unaposikia mlio. Mpiga besi na afanye hivyo mara moja kwa mwaka, hata akiona yu mzima.

Sikio likizimika ghafla, hasa moja tu, usingoje wiki ipite. Hiyo ni dharura, kwani kuna dawa inayosaidia zaidi ikianzwa ndani ya siku chache za mwanzo. Usitie mafuta ya moto, maji ya vitunguu wala njiti.

Jambo lingine: baadhi ya dawa, kama kwinini, sindano za jentamisini na aspirini nyingi, zinaweza kugusa masikio. Ukiwa unatibiwa kwa dawa hizo, mwambie daktari kwamba wewe ni mwanamuziki, na ukae mbali na jukwaa kwa muda. Usiziache wewe mwenyewe bila ushauri wake.

Kwa aliyekwisha kupoteza usikivu, hakuna kidonge cha kuurudisha. Kuna vifaa vya kusaidia kusikia, na kuna subira ya watu wa nyumbani: mwangalie usoni, sema polepole, zima redio kwanza.

Basi, msomaji, Desemba ikifika nawe ukapanda gari kwenda harusini Fort Ternan au kwingineko, cheza. Muziki ni afya pia. Lakini kabla hujaingia uwanjani, pita karibu na jukwaa umtazame yule kijana wa besi. Boksi lake likiwa chini sakafuni, mtafutie kreti tupu la soda, umsaidie kuliinua. Mwachie na jozi ya vizibo. Atakuona mtu wa ajabu usiku huo, lakini miaka thelathini baadaye mjukuu wake atamnong'oneza jambo naye atalisikia.

Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Ngoma ya mbao hushonwa ngozi nyingine. Ile konokono iliyo ndani ya sikio haina fundi.